Niliitwa Kwingine

Nchini Kenya mtu anaweza kukosa alichokiomba na kijiji kizima kikaja kumpongeza. Yalinikuta mwaka 2009. Nilikuwa nimefanya mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza kidato cha nne, mwishoni mwa 2008 na kupata gredi ya A-. Katika fomu ya JAB, bodi iliyogawa nafasi za vyuo vikuu vya umma siku hizo, nilikuwa nimetanguliza udaktari wa meno. Jibu lilipokuja halikusema kwamba nimeukosa. Halikuutaja hata kidogo. Lilisema nimechaguliwa kusomea ualimu wa sayansi, na kwamba nitaripoti chuoni mwaka unaofuata. Kwetu ni juu kidogo ya Kebirigo, huko Nyamira, na habari za namna hiyo hazilali njiani. Jioni ile shangazi zangu walikuja na vigelegele, jirani akaleta jogoo, na Sabato iliyofuata mzee wa kanisa akanisimamisha mbele ya waumini ili niombewe. Nilishukuru, kwa sababu walistahili shukrani. Lakini moyoni nilikuwa na msiba ambao hapana aliyeuona, na ambao sikuona kama nina haki ya kuulilia, maana wengi wa rika langu hawakuitwa popote.

Niseme mapema ninachoamini baada ya miaka yote iliyofuata. Anayetaka kuomba tena nafasi aliyoikosa, hasa nafasi adimu kama ya udaktari wa meno, na aombe akiwa tayari ana kazi mikononi, kazi ambayo asingeona haya kubaki nayo mpaka uzeeni. Sisemi hivyo ili kuwafariji waliokosa. Nimeomba nikiwa sina kitu, na nimeomba nikiwa na kitu, na kukataliwa kwa namna hizo mbili hakufanani hata chembe.

Wasiokulia mashambani mwa chai huniuliza kwa nini nilitamani meno, wakati wenzangu walitamani upasuaji na uhandisi. Mimi niliyaona maumivu ya jino kabla sijajua kusoma. Chai haimngoji mgonjwa. Majani yakikomaa kupita kiasi kituo cha kununulia hakiyapokei, kwa hiyo mwanamke anayeumwa jino hufunga leso kutoka kidevuni hadi utosini, akatundika kikapu mgongoni, akaingia shambani. Mama yangu alichuma hivyo msimu baada ya msimu. Dawa zilikuwa karafuu, chumvi, kipande cha tumbaku, na vidonge vya dukani vilivyouzwa kimoja kimoja. Wa kutibu meno alikuwa Kisii mjini, na safari ya Kisii ilimaanisha nauli, foleni ya kutwa, na kilo za chai ambazo hazikuchumwa siku hiyo. Basi jino liliachwa mpaka lilipooza na kunyamaza. Mama alipofika miaka arobaini alikuwa akitafuna upande mmoja tu, na hakuna mtu nyumbani aliyeona jambo hilo kuwa ugonjwa.

Usiku ule wa pongezi, wageni walipoondoka, baba alibaki ameketi nje. Nimerithi jina la mama yake, kwa hiyo tangu utotoni ameniita Mama.

"Mama," alisema, "furaha ya watu hawa wewe huna."

"Nina shukrani, Tata. Lakini si nilichoomba."

"Walisema umeanguka?"

"Hapana. Wameniita kwingine tu."

Akanyamaza kidogo. "Lori la chai likijaa huondoka. Majani yanayobaki pale kituoni hayajawa mabaya. Yamekosa lori."

Nimesoma mengi tangu hapo kuhusu namna nafasi zinavyogawanywa, na sijapata maelezo yaliyo sahihi kuliko hayo. Kila mtahiniwa hufanyiwa hesabu ya alama za klasta, kutokana na masomo manne yanayohusu kozi anayoitaka pamoja na jumla ya masomo yake saba. Kwa udaktari wa meno, Baiolojia na Kemia hazikwepeki. Upeo ni 48. Kisha walioomba kozi hiyo hupangwa kuanzia wa juu kushuka chini. Nafasi zikiisha, alama za yule wa mwisho kuingia ndizo huwa kikomo cha mwaka huo. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kikomo kiwe hapo. Kimewekwa na waliojipanga mstarini pamoja nawe na uchache wa viti. Katika miaka yangu udaktari wa meno ulifundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichouanza mwaka 1974, na katika Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, kilichouanza miongo kadhaa baadaye. Viti vilikuwa vichache mno kwa nchi nzima.

Anayetaka kuona jinsi kikomo kilivyo mali ya mwaka na si mali ya mtu, na atazame KCSE ya 2015 na ya 2016. Mwaka 2015 waliopata A walizidi 2,600. Mwaka uliofuata, Waziri wa Elimu alikuwa Fred Matiang'i, mzaliwa wa Borabu huku huku Nyamira, na ulinzi wa mitihani ulikuwa umekazwa kuliko wakati wowote. Waliopata A nchi nzima walikuwa 141, na waliopata C+ kwenda juu, yaani waliofikia kiwango cha kuingia chuo kikuu, walikuwa 88,929. Watoto wa Kenya hawakubadilika akili ndani ya miezi kumi na miwili. Nawafahamu waliotoka na A- mwaka 2015, wakarudi kidato cha nne wakiwa na hakika ya kuvuka, wakakuta mtihani mwingine kabisa unawangoja.

Marekani mambo ni tofauti. Anayeomba chuo cha meno huko hufanya mtihani uitwao DAT, huandika maelezo kuhusu maisha yake na nia yake, walimu wake huandika barua za kumpendekeza, na akifika mbali huitwa kwa mahojiano. Akikosa, anaweza kuuliza amepungukiwa wapi, na mwaka unaofuata akarudi na maelezo yaliyonolewa. Mashauri mengi ya kuomba tena yaliyotapakaa duniani yametoka huko, na vijana wetu huyasoma wakadhani yanawahusu. Kwa anayetoka kidato cha nne Kenya, hapana anayemuuliza kwa nini anataka kutibu meno. Fomu haikujui. Kwa hiyo haikukatai wewe, na pia hakuna chochote ndani yake ambacho unaweza kukinoa. Kijana wa kwetu akikosa lori hilo, njia zilizobaki ni kurudia mtihani, kujilipia, kwenda nje ya nchi, au kuingilia mlango wa diploma.

Mimi nilianza na mlango wa kujilipia, kwa kuwa ndio ulioonekana mfupi. Nafasi ya ualimu sikuichukua. Shangazi mmoja hakuzungumza nami kwa muda mrefu kwa ajili hiyo, na simlaumu. Kukataa nafasi ya serikali mbele ya watu waliotamani hata chuo cha ufundi ni jambo zito. Rafiki yangu mmoja aliyeitwa kama mimi alikwenda, leo anafundisha Kemia huko Kisii, na kila mwaka wanafunzi wake huingia udaktari. Ualimu si kitu cha kulilia. Mimi tu nilikuwa naitaka kazi nyingine.

Karo ya mpango wa kujilipia ilikuwa mamia ya maelfu ya shilingi kwa mwaka, na mkulima mdogo wa chai hupata malipo kidogo kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka, mwezi wa Oktoba au karibu na hapo. Tulikaa na baba tukahesabu. Bonasi nzima isingefikisha hata nusu ya mwaka wa kwanza. Ndipo akasema angeuza kipande cha shamba, kile cha chini karibu na mto. Shamba lenyewe halikufika ekari mbili, na nina kaka zangu. Watu wa Gusii wanaelewa sentensi hiyo bila maelezo: ardhi yetu imegawanywa kutoka babu hadi mjukuu mpaka imebaki vishoroba, na kipande kikiuzwa kwa ajili ya karo ya mmoja, ndugu watakula wapi? Nilimwambia, "Tata, shamba lisiguswe." Mama akaitikia kutoka jikoni kwamba nimesema vema. Nikaomba hata hivyo, nikiamini kwamba nikipata nafasi kwanza, njia ya fedha itaonekana. Chuo nilichoomba kilijibu kwamba nafasi zimejaa. Nilipoomba tena kwa mkupuo uliofuata, jibu lilikuwa lile lile, tarehe tu ndiyo ilibadilika.

Kipindi hicho kilikuwa kigumu kuliko chochote nilichopitia baadaye, hata mitihani ya anatomia. Ikumbukwe kwamba hata waliochaguliwa na JAB walikaa nyumbani karibu miaka miwili baada ya kidato cha nne, kwa sababu ya mrundiko ulioachwa na kufungwa kwa chuo kikuu baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Kwa hiyo vijiji vilijaa vijana wenye gredi nzuri wasio na pa kwenda. Wenzangu walipoanza kuondoka mmoja mmoja, mimi nilibaki. Kila niliyekutana naye njiani aliniuliza nitaripoti lini. Wanawake wa rika la mama waliuliza jingine, kama kuna mtu aliyekwisha kuja nyumbani kuniposa. Niliishi kwa kungoja bahasha. Jibu likiwa ndicho kitu pekee ulicho nacho, likija baya unabaki na nini?

Kilichonitoa hapo ni mkaguzi wa vinywa. Nilikuwa nafundisha katika shule ya msingi ya karibu, kama walivyofanya wengi waliomaliza kidato cha nne, kwa mshahara mdogo uliochangwa na wazazi. Siku moja alikuja afisa wa afya ya kinywa, na kurunzi na vijiti vya kubonyezea ulimi, kukagua watoto. Mwalimu mkuu akanituma nimshikie daftari. Yeye alitaja, mimi niliandika: jino gani, limetoboka au zima, fizi zinatoka damu au hapana. Tulipofika darasa la pili akaniita nitazame kinywani mwa msichana mmoja. Gego lake la chini lilikuwa limeliwa hadi katikati. "Hili ni la kudumu," akasema. "Huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha. Mzazi hudhani ni la utotoni na litang'oka. Halitang'oka. Ndilo angetafunia maisha yake yote." Nilikuwa na miaka ishirini, nina A- ya sayansi, nimeomba udaktari wa meno tena na tena, na jambo hilo sikulijua. Wala mama yangu hakulijua, wala yeyote katika kijiji chetu chenye wasomi wengi.

Nilimuuliza alisomea wapi. Akaniambia: KMTC Nairobi, chuo cha mafunzo ya tiba, diploma ya afya ya kinywa ya jamii, miaka mitatu. Karo yake ilikuwa kitu ambacho bonasi, ng'ombe mmoja na chama cha mama vingeweza kukibeba. Mwaka 2011 nikaenda.

Kuna watu walionihurumia. Msichana wa A- kusomea diploma waliyoiona ya wenye C! Huruma hiyo sikuihitaji, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nagusa kitu nilichokipenda. Watu hudhani kung'oa jino ni nguvu. Jino halivutwi. Koleo hushika chini ya ufizi, mkono husukuma kuelekea shinani, kisha huyumbisha taratibu, nje na ndani, mpaka mfupa unaolizunguka upanuke na jino lijiachie. Ukiharakisha, mzizi hukatikia ndani na taabu huanza upya. Ganzi ya taya la chini ndiyo iliyonisumbua zaidi. Sindano huingia nyuma ya magego, karibu na mahali ambapo mshipa wa fahamu unazama ndani ya mfupa. Ukipotea milimita chache, mgonjwa atakuambia kwa machozi kwamba bado anahisi. Niliifanya na kuifanya mpaka mkono wangu ukapajua mahali pale bila mimi kufikiri.

Nilijifunza pia kusema na watu wa kwetu kuhusu sukari. Kinachoozesha jino si wingi wa sukari peke yake. Kila unapoonja kitu kitamu, vijidudu vya kinywani huigeuza sukari kuwa asidi, na mate huchukua kama nusu saa kuizimua. Mchumaji wa chai anayebeba chupa ya chai tamu shambani na kuipiga funda kuanzia asubuhi hadi alasiri huyaacha meno yake ndani ya asidi mchana kutwa, ingawa jumla ya sukari yake si kubwa. Mwambie mtu wa Nyamira aache chai ya sukari, atakucheka. Mwambie anywe kikombe chake chote kwa mara moja, kisha asukutue kwa maji, atajaribu.

Nilipomaliza mwaka 2014 nikapata kazi katika kituo cha afya huko Nyamira. Hapo ndipo nia yangu ya udaktari ilipopata mizizi ya kweli, na siwezi kueleza bila kumtaja mgonjwa mmoja. Alikuwa mwendesha boda boda, kijana mwenye nguvu. Aliletwa ameketi, ameinama mbele, mate yanamtoka, sauti imekuwa nzito kama aliyejaza kitu mdomoni. Chini ya kidevu palikuwa pamevimba pande zote mbili na kuwa pagumu, na ulimi ulikuwa umeinuliwa kuelekea juu. Gego lake la chini lilikuwa limemuuma kwa majuma, akawa anameza vidonge vya maumivu. Usaha wa mizizi ya magego ya chini unaweza kupenya mfupa na kuingia chini ya ulimi, kisha shingoni, ukaziba njia ya hewa. Daktari wa Kijerumani, Ludwig, aliieleza hali hiyo mwaka 1836, na mpaka leo inaua. Tukamwekea dawa kwenye mshipa, tukakataza asilazwe chali, tukapata gari la kumpeleka Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Alipasuliwa, usaha ukatolewa, akapona. Nilimwona baadaye stendi ya Nyamira akiita abiria.

Gari lilipoondoka na yule kijana, nilibaki na maswali yaliyokuwa mahususi sana. Wanapasua wapi? Wanaiokoaje njia ya hewa ya mtu ambaye kinywa hakifunguki? Kidato cha nne nilitaka udaktari wa meno kwa ajili ya mama yangu na leso yake, na hiyo ilikuwa sababu njema. Sasa nilitaka kujua kilichoendelea ng'ambo ya mlango ambao kazi yangu iliishia.

Nikaomba tena. Wenye diploma za afya huruhusiwa kuomba kupitia mpango wa kujilipia, mradi alama zao za diploma na za KCSE ziwe nzuri. Barua ya msichana aliyetoka kidato cha nne haiwezi kusema zaidi ya kwamba anapenda. Barua ya mfanyakazi ina vitu ndani yake. Niliandika kuhusu gego la miaka sita na shule nilizokwisha kukagua, kuhusu wagonjwa niliowapa rufaa na sababu za kila rufaa, na kuhusu mambo ambayo mafunzo yangu hayakuniruhusu kuyafanya. Daktari aliyenisimamia aliandika alichokiona mikononi mwangu.

Nikakataliwa. Jibu lilifika asubuhi ya siku ya kliniki, na kwenye benchi walikuwa wameketi wagonjwa. Omong'ina mmoja, mama mzee aliyetoka Ekerenyo, alikuwa ametangulia, shavu limevimba. Nililisoma, nikalikunja, nikamkaribisha ndani. Niliumia, sitasema uongo. Lakini mchana nilikuwa nimekwisha kung'oa, kuziba na kusafisha meno ya watu, na jioni nilikuwa na mshahara wa kumnunulia mama sukari na mswaki. Kukataliwa kwa mwaka 2009 kulinikuta sina pa kusimama. Huku kulinikuta kazini, na kazi haikusimama. Hiyo ndiyo tofauti ninayoisema, na nimeiona kwa wengine pia: anayeomba akiwa mikono mitupu hulisoma jibu baya kama hukumu ya maisha yake, na wengi huacha hapo. Anayeomba kutoka kazini hulisoma kama jibu, akauliza mkupuo mwingine unafunguliwa lini.

Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Nairobi kilinipokea. Fedha zilitoka kwenye akiba yangu, mkopo wa sacco, mkopo wa elimu wa HELB, na chama cha mama ambacho kilinipa zamu isiyokuwa yangu. Shamba la baba halikuguswa. Kule Chiromo, tuliposoma anatomia, wenzangu wengi walikuwa watoto wa miaka kumi na minane walioniita Mathe, nami niliwapenda. Wao walikuwa na akili nyepesi ya kukariri. Mimi nilipofungua kitabu kwenye ukurasa wa mshipa wa fahamu wa taya la chini, vidole vyangu vilikuwa vimefika huko kabla ya macho.

Sitasimulia yote ya miaka ile. Mapema 2017 wahadhiri waligoma, wakati mgomo mkubwa wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ukiendelea. Machi 2020 vyuo vikuu vilifungwa kwa sababu ya korona, na sisi wa meno tuliumia zaidi ya wengi, kwa kuwa mashine ya kuchimbia jino hurusha matone ya mate hewani na hapana chuo kilichotaka matone hayo chumbani. Nilihitimu, nikafanya mwaka wangu wa mafunzo ya kazi hospitalini, nikasajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari. Sasa niko Kisii.

Kila matokeo yanapotoka na tovuti ya KUCCPS, iliyorithi kazi ya JAB, kufunguliwa, wasichana hunijia na simu zao. JAB haipo tena na subira ya miaka miwili imekwisha, lakini hesabu ya klasta ni ile ile na upeo wake bado ni 48. Huwa nawaambia watumie nafasi ya kubadilisha kozi wakati wa marekebisho, watazame vikomo vya miaka iliyopita bila kuvichukulia kama ahadi, na kabla ya kujaza chochote waende wakaketi siku nzima katika kliniki ya meno, wasikie harufu yake na vilio vya watoto. Wachache hurudi wakiwa wamebadili mawazo. Huwa nawashukuru hao pia.

Mwaka huu amekuja mmoja kutoka Nyansiongo, huko Borabu. Ana A-, amekosa kama nilivyokosa, na ameitwa kusomea takwimu. Yeye mwenyewe yuko tayari kwenda KMTC. Mama yake anataka arudie kidato cha nne, na tayari amepata shule itakayompokea. Nimezungumza na mama huyo kwa simu, nikamweleza habari za 2015 na 2016, nikamweleza kuhusu diploma. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akasema, "Daktari, wewe ulifika. Ndiyo maana unaiona njia ndefu kuwa njema. Je, waliochukua njia hiyo wasifike?"

Ni swali la haki. Nilimjibu kwamba ninaowajua wanafanya kazi hadi leo, wanakagua watoto na kung'oa meno huko Miruka, Keroka na Ogembo, na vijiji vyao vinawahitaji. Hakuridhika. Akasema binti yake ni mmoja tu, na kazi ya afisa si udaktari. Jumapili nitapanda matatu hadi Nyansiongo. Nitabeba maelezo ya KMTC, karo ya miaka mitatu nimeiandika kwenye karatasi, na karo ya ile shule anayotaka binti arudie nayo nimeiandika. Ameahidi kutoa stakabadhi zake za chai, na tutahesabu mezani, binti akiwepo.